Chaja ya Jembe Letu

Fyuzi hukaa kwa betri, haikai kwa mgeni. Mliisikia jana mlipokuwa mkitunga sheria za timu yenu ya mpira, sheria chungu nzima za wachezaji na hakuna hata moja ya mwenyekiti. Mzee Komba akaitupa katikati yenu, akachukua kofia yake, akaenda zake. Mkacheka, mkadhani uzee umemvuruga. Haukumvuruga. Methali hiyo ni changa, haijaota hata mvi, lakini imekwishatembea mwambao mzima wa Ziwa Nyasa. Mkitaka kujua ilikotoka, tulieni, na simu ziwekeni mfukoni.

Ilizaliwa Lundoma, ndani ya boti ya akina mama. Boti ile iliitwa Jembe Letu, kwa sababu waliipata kwa kulima. Walilima shamba la muhogo la pamoja mwaka baada ya mwaka, hadi siku walipoisukuma majini huku wakipiga vigelegele. Kabla ya hapo, masika yakiingia na mto ukala daraja, Lundoma ilifungwa kama chupa. Muhogo uliozea ghalani, na wachuuzi wenye boti zao walikuja kuchukua watakacho kwa masharti yao. Boti ndiyo iliyowatoa katika dhiki ile, na boti ilikuwa hiyo moja. Ikipotea, hakuna ya pili.

Mwenyekiti wao alikuwa Eufrasia Ndomba, mjane, mwanamke wa kauli moja. Yeye ndiye aliyewatia moyo walipotaka kuacha, na siku ya kuizindua aliapa mbele ya wote kwamba boti haitafia mikononi mwake. Hakuna aliyembishia. Wengine waliogopa, wengine walimshukuru, na wengi waliona tu kwamba kubishana na Eufrasia ni kazi ya kutwa nzima, na muhogo haujimenyi.

Sasa, boti ilikuwa na betri mbili. Moja iliamsha injini, nyingine ilikuwa ya taa na ya pampu ya kutoa maji yanayoingia chini. Zikiisha nguvu, akina mama walizibeba kichwani hadi kwa mtu mwenye jenereta, wakarudi na khanga zilizotobolewa na asidi. Umeme wa gridi ulipofika gatini, Eufrasia alisema basi, mateso yale yamekwisha. Boti ifungiwe chaja yake yenyewe humo humo ndani, ili ikifika gatini ichomekwe waya mmoja tu, betri zinywe hadi zishibe.

Fundi wa kuaminika alikuwa mmoja, Desderi Kapinga, kijana hodari aliyekuwa na jina zuri kote mwambaoni. Na Desderi, kwa bahati yake, alikuwa amemwoa Rozalia, binti wa Eufrasia.

Ninyi wa siku hizi mnakula na wakwe zenu sahani moja na kupiga nao picha. Kwa watu wa Lundoma wakati ule, mkwe na mama mkwe waliheshimiana kwa kuepukana. Hawakuketi chumba kimoja. Wakikutana njiani, mwanaume aliingia majanini mpaka mama apite. Akiwa na neno, lilipitia kwa mkewe, na mama mkwe akishajibu, mkwe hana tena la kusema. Chumba cha injini cha Jembe Letu nacho kilikuwa chembamba kama kabati. Kwa hiyo kazi ile ilikwenda kwa zamu: Eufrasia akishuka kukagua, Desderi anapanda juu na spana yake mkononi, anatazama ziwa. Eufrasia akitoka, Desderi anashuka. Nahodha alisema hajawahi kuona fundi anayepunga upepo kiasi kile.

Hata hivyo kazi ilikuwa safi. Desderi aliipigilia chaja kwenye ubao mkavu, mbali na betri ili mvuke wa asidi usiile, penye hewa ili isichemke. Akapitisha nyaya ubavuni mwa boti, nyekundu kwenda kichwa chanya cha kila betri, nyeusi kwenda hasi, akazifunga vizuri kila hatua. Zikabaki fyuzi. Alimtuma Rozalia akamweleze mama yake kwamba fyuzi ni kijipande kinachokubali kufa ili waya usiungue, na kwamba angezifunga kwenye waya mwekundu, shubiri moja tu kutoka kwenye betri.

Eufrasia alisikiliza, akatikisa kichwa. Pale Lundoma, mgeni akilala nyumbani kwako, unamlaza mtu wa nyumba mlangoni pake. Ni heshima, na pia ni macho, maana mgeni humjui. Akili yake ikaenda huko. Betri walikuwa nazo tangu boti ianze, ni watoto wa nyumbani, hazijawahi kumuuma mtu. Mgeni ni chaja. Ndiyo inayoleta umeme wa serikali ndani ya mbao zao, kwa hiyo mlinzi akae kwa chaja, pale anapoonekana kwa urahisi. Rozalia akalipeleka jibu. Desderi akamrudisha na neno lile lile, kwa upole zaidi. Eufrasia akamwambia binti yake, "Mwambie mume wako kwamba boti hii ina mwenyekiti mmoja."

Desderi alizichukua fyuzi zake. Kumrudishia mama mkwe neno mara ya tatu ni kumtukana. Akazifunga kwa chaja.

Na mambo yakanyooka. Boti ikawa inaamka asubuhi kwa mguso mmoja, taa zinawaka kama sikukuu, khanga hazitobolewi tena. Eufrasia alitembea kifua mbele, na alikuwa na haki. Sifa zikavuka ghuba, na akina mama wa Njambe, waliotaka kununua boti yao, wakaomba kuja kuiona. Ilikuwa siku ya soko, injini inanguruma, magunia yanapakiwa, Desderi yuko gatini akimsaidia nahodha na kamba. Eufrasia akawashusha wageni wawili chumba cha injini kwa fahari kuu, akawaonyesha chaja, akawaonyesha na mlinzi wake.

Kilichotokea ni hiki. Boti hutetema, na kwa mtetemo wa miezi mingi waya mwekundu ulikuwa umejisugua kwenye chuma kilichoshika injini. Ngozi yake ikaisha. Asubuhi ile shaba ikagusa chuma, na nguvu yote ya betri ikakimbilia hapo.

Eufrasia alisikia harufu kwanza, akadhani ni mtu anachoma plastiki gatini. Kisha akaona waya unafuka moshi ubavuni mwa boti, na chini ya moshi unang'aa mwekundu, na ubao ulio nyuma yake unaanza kuwa mweusi. Akaitazama fyuzi kwenye chaja. Ilikuwa nzima, imekaa kimya, kama askari aliyewekwa lango ambalo mwizi hakupitia. Wageni wakapanda ngazi mbio. Yeye alikuwa pembeni kabisa, nyuma ya injini, na moshi ulikuwa kati yake na ngazi. Hofu ilimshika, lakini si ya nafsi yake. Aliiona Jembe Letu inafia mikononi mwake, jambo aliloapa kwamba halitatokea.

Desderi alifika mlangoni na plaizi mkononi. Akamwona mama mkwe wake ndani, na mguu ukakataa. Msimcheke. Alikuwa amefundishwa hivyo tangu siku ya mahari.

"Mkwe, ingia," Eufrasia akasema.

"Mama, wewe uko humo."

"Niko humo, na boti inaungua. Heshima yako nimeiona, sasa ingia."

Akaingia. Bega lake lilimgonga mama mkwe wake wazi wazi, akainama chini ya mikono yake, akaukata waya mwekundu karibu kabisa na betri. Wekundu ukafa palepale. Eufrasia akalichukua gunia bichi akalibandika kwenye ubao, akalikandamiza kwa viganja mpaka moshi ukakata. Halafu wakabaki humo, wamebanana, kila mmoja akitazama upande wake.

"Umekata wapi?" Eufrasia akauliza.

"Hapa, Mama. Shubiri moja."

"Ndipo ulipotaka ile fyuzi ikae?"

"Ndipo, Mama. Mwenye nguvu ni betri. Nguvu imetoka hapa, ikapotea njiani, kule kwa chaja haikufika. Mlinzi wa kule angejuaje?"

Eufrasia alipanda ngazi, akawaomba radhi wageni, akasema safari ya soko imeahirishwa.

Jioni ile akina mama walikutana ghalani, na hasira ilikuwa ya kukatwa kwa kisu. Kolastika Nchimbi, aliyewahi kugombea uenyekiti akashindwa, akasema fundi aliyeweka fyuzi mahali pa ovyo asiguse tena boti yao. Wengi wakaitikia. Desderi alikuwa nje ya mlango, amegeuza uso, na kila neno alilisikia. Mbele ya mama mkwe wake asingeweza kujitetea hata kidogo. Rozalia alimtazama mama yake, na machozi yalikuwa karibu.

Eufrasia angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua yale maneno yaliyopelekwa na kurudishwa ila watu watatu, na kati yao mmoja alikuwa amefungwa mdomo na ukwe, mwingine alikuwa binti yake mwenyewe. Alisimama.

"Fundi alisema, akarudia," akasema. "Mimi ndiye niliyemnyamazisha, na nilijua hawezi kunijibu. Nilimwekea mlinzi mgeni, na mwenye nguvu nikamwacha hana mlinzi. Mmemsikia Kolastika anamlaumu fundi? Hata hapa tunalinda upande usio na nguvu. Betri ya chama hiki ni mimi. Mna sheria za nahodha, mna sheria za abiria na za mizigo. Yangu mimi iko wapi?"

Akamgeukia mpinzani wake.

"Kolastika," akaendelea, "wewe hukunipigia kura, na hunipendi sana. Utakaa karibu nami. Kila nitakaloamua juu ya boti lipitie kwako kwanza, na likiwa baya, likatikie kwako."

Kesho yake Desderi alirudi kazini. Alibadilisha waya, akauvalisha mpira pale kwenye chuma, akafunga fyuzi shubiri moja kutoka kwa kila betri. Safari hii mama mkwe wake hakushuka kukagua.

Lakini kusema mbele za watu ni rahisi, kazi ni siku inayofuata. Mvua zilipokaribia, muhogo ulikuwa mwingi ghalani, na Eufrasia akaamuru boti ipakiwe wote kwa safari moja kabla mto haujafunga njia za mashamba. Wapakizi wakapanga magunia hadi maji yakakaribia mdomo wa boti. Kolastika akasimama gatini na kusema, "Hapana, mwenyekiti. Yapungue."

Watu waliacha kazi. Eufrasia alihisi damu ikimpanda, na jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile lile kwamba boti ina mwenyekiti mmoja. Alilishika hapo kwa meno. Akaitazama boti, akamtazama Kolastika, ambaye hakusogea. Halafu akajitwisha gunia la kwanza yeye mwenyewe, akalishusha gatini.

Nahodha, mtu asiyekosa la kusema, alipokea gunia la pili akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Naam. Fyuzi hukaa kwa betri, haikai kwa mgeni."