Besi Haitaki Upepo

Kila jioni Bosi Kihiyo aliegesha gari uani kwa wapangaji wake, akafungua milango yote na kuachia muziki mpaka mabati yakatetema. Watoto wachanga walilia, lakini nani angemnyooshea kidole mwenye nyumba?

Siku moja akamwita Mwanaidi, mpangaji wake aliyekuwa fundi wa redio za magari. "Nifungie amplifaya mpya na spika za milangoni. Mdundo wa besi ufike sokoni!"

Mwanaidi akafunga, akawasha. Besi hakuna! Muziki ulilia kama nzi ndani ya kopo.

"Fundi, umeniharibia gari!"

"Hapana, bosi. Besi ni kama mvuke wa pilau, ukifunua chungu unakimbia. Zima kwanza, ingia, funga milango, pandisha vioo."

Bosi akafunga. Mwanaidi akainamia amplifaya kwenye buti. "Haya, washa!"

Besi ikamgonga bosi kifuani. "Kumbe miaka yote nilikuwa naimwaga nje!"

Tangu hapo alisikiliza akiwa amejifungia, ametota jasho, anachekelea.

"Hivi besi hukimbia kweli?" jirani akamuuliza Mwanaidi.

"Ikimbilie wapi? Nilifunga nyaya za spika moja kinyume, moja ikisukuma nyingine inavuta, besi ikafa. Alipopandisha vioo nikazirudisha. Sasa sema polepole, mwanangu kalala."