Refa Hamduni na Gari la Tajiri

Hamduni alikuwa refa mwembamba kama mti wa kibendera cha kona. Siku ya fainali, tajiri Kitwana, mwenye timu ya Kimbunga, alimfuata hadi chumba cha kubadilishia nguo.

"Refa, leo Kimbunga ikifungwa, mabaunsa wangu pale getini watakung'oa meno."

"Nimekusikia, tajiri. Lakini wageni wakifungwa, nani ataniokoa na mashabiki wao? Wamejaa malori matatu!"

"Mwoga we! Unataka nini?"

"Gari lako likae getini, limewashwa. Filimbi ya mwisho ikilia, mabaunsa wanibebe juu juu hadi garini, na dereva asisimame mpaka kwangu."

Tajiri akacheka hadi kitambi kikatikisika. Akawaita watu wake palepale, akawapa agizo hilo. "Mmesikia? Atakayebisha, kazi hana!"

Hamduni akachezesha kwa haki, na Kimbunga ikala tatu bila. Filimbi ya mwisho ilipolia, tajiri aliporomoka kutoka jukwaani akifoka, lakini ngoma za wageni zikaimeza sauti yake. Mabaunsa walikwisha kumnyanyua refa, wakamtia garini na kumfungia mlango kwa heshima zote.

Njiani dereva, ambaye hakuiona mechi, akauliza, "Vipi mzee wangu, tumeshinda ngapi?"

Hamduni alikuwa bado anamwomba Mungu msamaha kwa ile hofu aliyoisingizia. Dhambi ya pili hakuitaka.

"Kanyaga mafuta, mwanangu," akasema. "Matokeo atakwambia tajiri mwenyewe, akishafika kwa miguu."