Kamba ya Mafuriko

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Hiyo pakawa ya watu wazima au ya waliosinzia? Shamte, toa kidole puani. Paukwa!"

"Pakawaaa!"

Hapo zamani za kale, wanyama wa bondeni walikuwa na desturi. Kila kiangazi kila mmoja alisuka kamba, akaiunga na ya mwenzake, mpaka ikawa kamba moja ndefu ya kuwavusha mto ukifurika. Kila msusi alitia alama yake. Kanga alitia manyoya yake ya madoadoa. Kisha Mfalme Simba akaiweka ghalani.

Mvua ikaja. Vifaranga wa Kanga wakabaki juu ya kichuguu, maji pande zote.

"Bibi, si awabebe?"

"Kanga ana mgongo wa kubeba nani? Alitaka kamba. Angeruka nayo, aifunge kichuguuni, watoto wavukie juu yake. Haya, maji yanafanya nini?"

"Yanapanda!"

Kanga akakimbilia ghalani. Ghala tupu! Ngiri, mtunza ghala, kajilaza kwenye kitanda kipya cha kamba, na unyoya wa madoadoa unachungulia ubavuni pake.

"Kamba yetu hiyo!"

"Sasa mlinzi wa kamba alale chini?" akasema Ngiri. "Nyingine iko kwa Nyani, mkuu wa kamati ya mafuriko."

"Na maji, wajukuu zangu?"

"Yanapanda!"

Kanga akakimbia kwa Nyani. Akakuta turubai kubwa, limefungwa kwa kamba, na unyoya wa madoadoa unapepea.

"Tunajadili mafuriko, mama," akasema Nyani. "Tujadili huku tunalowa?"

"Wanangu wanakufa!"

"Jambo lako tumelipokea. Kamba iliyobaki iko kwa Mfalme."

"Na maji?"

"Yanapanda, Bibi! Akimbie!"

Alikimbia, Somoe. Akamkuta Mfalme uwanjani, amekuja kutoa pole. Mbele yake imevutwa kamba, waliofiwa wasimsonge. Unyoya wa madoadoa ukamgusa Kanga kifuani.

"Mfalme, kamba yenyewe ndiyo hii!"

"Rudi nyuma ya kamba, mama," askari akamwambia. "Mfalme anakupa pole."

Kanga akaidonoa, akaidonoa, mpaka kipande kikakatika. Akaruka nacho mbio. Akafika mtoni, akatafuta kichuguu. Hakukiona.

"Bibi, waliokoka?"

"Hapana, Somoe."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Kamba yote aliiona kwa macho yake. Watoto hakuwaona tena."

Kiangazi kikafika, mbiu ikalia: sukeni kamba! Wakasuka. Kanga naye akasuka, akang'oa manyoya yake akatia, huku analia. Nani angemwambia asisuke?

Wajukuu zangu, ulizeni kamba iko wapi siku za jua. Siku ya mvua mtapewa majibu tu.

Hadithi yangu imeishia hapo, pale maji yalipofika.