Zabdai Aliyeishia Kaskazini

Wacha Mungu waliotutangulia wamepokezana habari hii: katika mji mmoja wa Shamu, ambao wakazi wake waliusujudia mwezi, aliishi binti mfumaji wa kitani aitwaye Febronia. Nyumba za Wakristo mjini mle zilikuwa tisa tu, na wanaume wasio na wake katika nyumba hizo walikuwa vikongwe wawili na mtoto wa miezi mitatu.

Febronia alimpenda Zabdai, mtia rangi nguo, naye Zabdai alimpenda. Lakini Zabdai alikuwa mtu wa mwezi, na waamini waliusiwa tangu enzi za mitume wasifungwe nira moja na wasioamini. Zabdai akasema, "Basi nitabatizwa. Jambo dogo hilo." Kwa majuma mawili akaihifadhi Kanuni ya Imani yote.

Ikafika alfajiri ya ubatizo. Ubani ulitanda juu ya maji ya birika la kanisa hata kuta zikawa kama zinaelea, na Febronia, aliyesimama kaskazini, nyuma kidogo, pamoja na wanawake, alijiona yumo katika ndoto asiyotaka kuamka. Zabdai akaelekea magharibi, akamkana Shetani. Kasisi akamwambia, "Sasa geukia mashariki, anakotoka Kristo, useme: Nasadiki."

Zabdai akageuka, lakini hakufika mashariki. Aliishia kaskazini, akamtazama Febronia, akasema kwa sauti nzuri, "Nasadiki."

Watu wakatabasamu. Febronia hakuwahi kusikia neno lililompendeza kama lile, wala lililomtisha kama lile.

"Baba, usimbatize kwanza," akamwambia kasisi. Kisha akamgeukia Zabdai, machozi yakimtoka. "Bwana wangu, mimi ni mfumaji tu. Nikilipokea neno hilo, nitakuwa nimemwibia Mungu."

"Umesema kweli," Zabdai akajibu. "Huko mashariki sijaona mtu bado." Akavaa viatu vyake, akaenda zake.

Miaka saba Febronia alifuma na kuomba. Siku nyingine alijuta, nami simlaumu. Zabdai alikuwa akija kusimama mlangoni mwa kanisa wakati wa masomo, kisha akiondoka bila kumsemesha mtu.

Pasaka ya saba ubani ukatanda tena. Zabdai akashuka majini, akageuka taratibu, akapita kaskazini bila kusimama, mpaka Febronia akawa anaona kisogo chake tu. "Nasadiki," akasema, na safari hii sauti ilimtetemeka.

Walioana baada ya Pentekoste.

Wapendwa, maneno ya imani wengi wetu tunayajua. Tujiulize tu, tunapoyasema, uso umeelekea wapi. Bibi Febronia, Mungu amrehemu, alizoea kumwambia mumewe hata uzeeni, "Mume wangu, siku uliponipa kisogo ndiyo siku niliyokupata."