Joto la Kitale

Wako watu ambao wakikiona chombo kinaelea majini hawaulizi kilichongwa na nani, wala kwa siku ngapi. Huuliza tu kwa nini si chao. Wilkista wa Sirisia alikuwa mmoja wao. Msomaji asidhani ninamsingizia, kwani wivu wake hakuuficha. Ulimkaa usoni kama chunusi.

Aliyemkosesha usingizi ni Nyaguthii, mwanamke waliyesoma naye darasa moja zamani, ambaye sasa aliishi Kitale na alikuwa ametia fora kwa kuangua vifaranga. Mashine yake ya kuangulia ilikuwa imeunganishwa na mtandao, ikimpasha habari za joto la mayai kwenye simu popote alipo. Wilkista naye aliuza vifaranga, lakini watu wa Sirisia walipita mbele ya lango lake wakaenda hadi Kitale kununua wa Nyaguthii. Waliporudi na maboksi yanayolia, Wilkista aliwatazama kwa kijicho pembe, na chakula cha mchana kikakataa kushuka.

"Ana nini huyo ambacho mimi sina?" alimwuliza mumewe, Wabwile.

"Si umwulize yeye, Mama Khaemba? Ni rafiki yako."

Kumwuliza! Afadhali ameze kaa la moto. Hata hivyo alifunga safari ya Kitale, kuku jike kwapani, maana kwao mgeni haendi mikono mitupu hata akiwa na nia mbaya.

Nyaguthii alimpokea kwa furaha, akamwingiza mpaka chumba cha mashine. Taa ya kijani ilikuwa inawaka mbele yake. Ukutani palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono: jina la mtandao wa nyumba, nywila, safu za namba za mipangilio, na chini kabisa namba ya mashine yenyewe pamoja na nywila yake. Wilkista aliikodolea macho.

"Kama unataka yako, nunua halafu uniite," Nyaguthii alimwambia. "Nitakuja mimi mwenyewe nikufungie. Hii kitu iko na mambo mingi, usiione hivi."

"Wacha tu, Mama Kui. Mimi nimekuja kukuona. Sina haja na mashine, bana."

Mwenyeji akatoka kwenda kuandaa chai. Wilkista hakungoja hata mlango ufungwe. Alitoa simu, akaipiga picha ile karatasi, kisha akaketi akiwa mpole kama mke wa mchungaji. Alikunywa vikombe viwili, akaaga. Njiani alitabasamu peke yake, akiamini kwamba bahati yote ya Nyaguthii sasa imo mkobani mwake.

Wiki iliyofuata alinunua mashine mjini Bungoma, ya aina ile ile na rangi ile ile. Kisha akawaendea kina mama kumi na wawili wa kanisani, akawaambia wasihangaike tena na Kitale. Kila mmoja alete mayai ya kuku wake bora, naye angewakabidhi vifaranga Jumanne ya wiki ya tatu. Wakamwamini. Peris, mjane aliyekuwa na kuku mmoja tu, alileta mayai yote kumi ya kuku huyo, akayapanga mwenyewe kwenye trei taratibu. Yakafika mia tatu. Kama mayai yale yangeharibika, Wilkista asingekuwa na uso wa kumtazama mtu yeyote pale Sirisia, na hilo alilijua vyema.

Alikaa mbele ya mashine na picha yake, akaingiza namba moja baada ya nyingine kama zilivyo, bila kubadilisha hata nukta. Taa ya manjano ilimetameta, ikaendelea kumetameta.

"Ya Mama Kui si ulisema ni kijani?" Wabwile aliuliza.

"Inapasha mwili moto. Ngoja."

Akageukia simu. Programu ilimtaka aandike namba ya mashine na nywila. Chini ya mashine yake palikuwa na namba iliyobandikwa, lakini haikufanana na ile ya Kitale, kwa hiyo akaona kiwanda kimekosea. Akaandika ya Kitale. Mara kioo cha simu kikaonyesha: joto, digrii thelathini na saba na nukta sita. Wilkista alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Kipimajoto cha kioo, alichokuwa akikitazama kila saa miaka yote kwenye sanduku lake la zamani la kuangulia, akakitoa ndani ya mashine mpya na kukitupa kwenye droo.

Tangu siku hiyo alitembea na simu mkononi kama askofu na fimbo yake. Sokoni aliionyesha, kanisani aliionyesha. "Thelathini na saba nukta sita! Huyo wa Kitale atatafuta kazi nyingine." Na kila alipolitaja jina la Kitale, roho ilimwasha upya, kana kwamba ushindi wenyewe haukumtosha mpaka mwenzake alie.

Jumamosi, mayai yakiwa na siku kumi na nane, alikwenda Lwakhakha kwa harusi ya siku mbili. Saa sita mchana Wabwile akampigia simu.

"Mama Khaemba, stima imepotea tangu asubuhi. Nimegusa mashine, iko baridi. Niweke chupa za maji moto ndani, nifunike na blanketi?"

Wilkista alitazama programu. Thelathini na saba na nukta sita.

"Usiguse mashine yangu! Simu inaniambia joto iko sawa. Wewe na mkono wako, nani anajua zaidi?"

"Lakini mkono wangu uko hapa, bana."

"Nimesema usifungue! Ama umetumwa na watu wa Kitale?"

Wabwile akaiacha mashine kama ilivyo. Alikuwa amechoka kugombana juu ya mashine ile. Stima ilirudi Jumapili jioni, na Wilkista aliporejea Jumatatu aliikuta ina moto wake kama kawaida. Akamcheka mumewe.

Jumanne kina mama walifika mapema na maboksi yao. Walisubiri kusikia sauti. Saa nne, kimya. Saa saba, kimya. Peris akaomba moja la mayai yake, akalipasua kwenye kiganja. Ndani mlikuwa na kifaranga aliyekamilika, manyoya na kucha, amekufa. Likapasuliwa la mwenzake, na la mwingine. Yote yalikuwa hivyo hivyo.

"Haiwezekani," Wilkista alisema, akiinua simu. "Angalieni, joto halijawahi kushuka!"

Simu ile ile ikalia. Alikuwa Nyaguthii.

"Weka sauti juu tusikie," mmoja wa wanawake akasema, na hakuna aliyecheka.

"Mama Khaemba, niambie ukweli," sauti ya Kitale ikajaa chumbani. "Kwa mashine yangu kuna simu ya pili imeingia wiki tatu. Nilidhani ni ya mtoto wangu Kui, leo ndiyo nimeona imeandikwa Wilkista. Ulichukua namba yangu?"

Wilkista akaangua kilio.

"Ai, dada! Hiyo joto umekuwa ukiangalia ni ya mayai yangu. Na zile namba zingine ni za ruta, kile kisanduku cha mtandao cha nyumba yangu. Kila nyumba iko na zake, mashine yako haiwezi kushika mtandao nazo. Si ungeniuliza? Mimi hii mashine niliisoma miaka mbili. Niliua mayai mara nne. Mume wangu Kimotho akaniambia nichome mashine. Nilikuwa nalia hapa peke yangu, nabadilisha, najaribu tena. Karatasi umeona ni ya mwisho tu."

Peris alifunga mayai yake tisa yaliyobaki kwenye leso, akaondoka bila kuaga. Hilo lilimwuma Wilkista kuliko tusi.

"Yangu yameanza kuanguliwa leo," Nyaguthii aliendelea. "Nitawaletea hao wamama, kila mmoja apate. Na wewe nitakufungia mashine yako, kama unataka."

Wema ule ulimchoma. Hata hapo, mbele ya mayai mia tatu yaliyokufa, wivu ulimnong'oneza akate simu. Kidole chake kikaenda kwenye kitufe, akakirudisha.

"Nifundishe, Mama Kui," akasema. "Anza na ile mara ya kwanza uliyoharibu."

Wabwile, aliyekuwa akiyatoa mayai kwenye trei ili akayafukie, alisimama akamtazama mkewe, akatikisa kichwa na kusema kwa upole: "Ukiona vyaelea, Mama Khaemba, vimeundwa."