Kibuyu cha Mkaguzi na Kibuyu cha Sokoni

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na mji wao, soko lao na serikali yao, Nguchiro ndiye aliyekuwa mkaguzi wa dawa. Kadogo, kembamba, lakini akipita sokoni hata Nyati alimpisha. Dawa isiyo na alama ya unyayo wake haikuuzwa.

Siku moja Kiboko, muuza dawa, akamletea kibuyu cha dawa ya homa. Nguchiro akaonja. Chungu kama shubiri, dawa ya kweli. Akaridhika, akavipiga alama vibuyu vyote vya Kiboko.

Haukupita muda, Swala akaja mbio, kambeba mwanawe anayetetemeka, kibuyu mkononi.

"Bi Nguchiro, alama hii si yako?"

"Ni yangu."

"Basi mbona mwanangu anakunywa na homa inazidi?"

Nguchiro akalamba dawa iliyobaki. Maji na majivu matupu! Roho ikamuuma. Alama ile ndiyo heshima yake, na mtoto anamzimikia mamaye mikononi. Akamwendea Kiboko.

"Fungua ghala nikague."

Kiboko akacheka, kho kho kho, mpaka meza ikatikisika. "Uliionja mwenyewe ukaipitisha. Unataka kuingia? Haya, nipite ukiweza."

Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga. Lakini hawakusema umwachie soko. Nguchiro akaenda zake nyumbani kwa mama yake Kiboko, wakanong'onezana. Kisha akarudi mbio, vumbi likitimka, soko limefurika.

"Bwana Kiboko, mama yako kashikwa na homa. Majirani wamemnunulia kibuyu hapahapa kibandani kwako. Wanamnywesha hivi sasa."

"Asinywe!" Kiboko akaruka, kibanda kikaanguka puu. "Hayo ni maji na majivu! Mpelekeeni ya ghalani, ile niliyompa mkaguzi!"

Soko zima likamgeukia.

Katikati ya wanyama akatokea mama Kiboko, mzima wa afya, hana hata kikohozi.

"Mwanangu," akasema taratibu, "na watoto wa wenzio, wao hawana mama?"

Kiboko akatoa ufunguo. Ghala likafunguliwa, dawa ya kweli ikagawiwa bure, na wa kwanza kunywa alikuwa mtoto wa Swala. Jioni yake alikuwa akimsumbua mamaye kwa michezo. Kiboko akapigwa marufuku kuuza hata jani.

Tangu hapo Nguchiro hakupokea tena kibuyu cha kuletewa. Alikwenda kununua mwenyewe, kama mteja yeyote, ndipo akaonja. Na mji mzima ukajivunia alama yake, hata wageni wa mbali walipouliza dawa, walijibiwa kwa maringo: "Kwetu sisi kuna mkaguzi."

Basi wanangu, dawa usiyoweza kumpa mamako, usimuuzie mtoto wa mwenzio.