Siku Moto Ulipopita Juu ya Shimo la Mhanga

Masikio yako wapi?

Yapo!

Na mioyo?

Inangoja!

Basi sogeeni, nimimine.

Zamani sana, zamani zile wanyama wakisema na watu wakiwajibu, palikuwa na nchi ya bara iliyoitwa Itumbya. Ilikuwa nchi ya nyasi ndefu na miti ya miiba. Kila mwaka kiangazi kiliingia, kikakaa, kikaondoka mvua zilipokuja.

Mwaka mmoja kiangazi kiliingia kikakataa kuondoka.

Jua likawaka mwezi wa kwanza, mito ikakauka. Likawaka mwezi wa pili, majani ya miti yakadondoka yote. Likawaka mwezi wa tatu, basi hata mawe yakawa yanapasuka mchana, pa! pa! Watu wanashtuka, wanadhani kuna mtu anapasua kuni. Mjusi hakuweza kusimama juu ya jiwe. Aliinua mguu huu, akaushusha, akainua ule, akaushusha, kama anayecheza ngoma asiyoitaka. Na nyasi? Nyasi zilikauka mpaka ukizikanyaga zinalia.

Katika nchi hiyo aliishi mrina asali jina lake Ndahani, pamoja na mkewe Mwaja na watoto wao watatu. Mtama wao ulikwisha. Wakala mlenda waliokuwa wameukausha, nao ukaisha. Wakala mizizi. Ikabaki asali tu, na asali iko msituni, juu ya miti.

Ndahani alikuwa na rafiki, ndege mdogo wa rangi ya majivu aitwaye Mlembe. Mlembe ndiye anayejua nyuki walipo. Humwita mtu, humtangulia mti kwa mti mpaka kwenye mzinga. Mtu huchukua asali, na ndege huachiwa nta. Hivyo ndivyo walivyoishi wawili hao, na hakuna aliyewahi kumdanganya mwenzake hata siku moja.

Mnanisikia?

Tunakusikia!

Siku ya kwanza Mlembe alimwongoza Ndahani mpaka kwenye mgunga mkubwa. Ndani ya shina nyuki walikuwa wanavuma kama mto uliojaa. Ndahani akatoa vijiti vyake apekeche moto, awashe mwenge wa kuwafukiza. Mlembe akashuka tawi la chini, akaimba:

*Che-che-che, nchi kavu,*
*upepo una njaa,*
*zima, mrina, zima.*

Akasema, "Rafiki yangu, upepo umeamka. Leo tusiguse moto."

Ndahani akasikia. Akarudi nyumbani mikono mitupu.

Siku ya pili akaenda tena, jua likiwa limeshapanda. Mlembe akaimba:

*Che-che-che, nchi kavu,*
*upepo una njaa,*
*zima, mrina, zima.*

"Umechelewa," akasema. "Njoo kesho alfajiri, upepo ukiwa bado umelala. Na ulete kibuyu cha maji. Kikijaa, tutawasha."

Ndahani akasikia. Akarudi nyumbani mikono mitupu, na mtoto wake mdogo hakulia tena kwa njaa. Alikuwa amelala tu, anatazama dari. Hilo ndilo lililomtisha Ndahani kuliko kilio.

Siku ya tatu aliondoka giza halijatoka, akaenda kutafuta maji. Akashuka kwenye mto mkavu, akachimba mchanga kwa mikono. Akachimba mpaka magotini, hakuna kitu. Akachimba mpaka kiunoni, unyevu. Akachimba mpaka mabegani, maji yakaanza kujikusanya, tone, tone. Kibuyu kilipojaa, jua lilikuwa juu ya kichwa.

Akashika njia. Joto likampiga. Akasema, "Nionje kidogo." Akaonja. Akatembea. "Nionje tena kidogo." Akaonja. Mara ya tatu hakusema kitu. Alikigeuza kibuyu chote kinywani.

Akasimama njiani na kibuyu kitupu. Akafikiri kurudi mtoni. Akamfikiria mtoto. Kisha akainama, akachota mchanga, akakijaza kibuyu mpaka kikawa kizito, akakiziba.

Mlembe alikuwa anangoja kwenye mgunga.

"Umekuja mchana, rafiki yangu."

"Maji yalikuwa mbali. Lakini kibuyu hiki hapa, kimejaa."

"Upepo huu siupendi. Kitikise kibuyu nisikie."

"Nikikitikisa maji yatamwagika."

Mlembe akamtazama kwa jicho moja, akamtazama kwa jicho la pili. Akaimba wimbo wake mpaka mwisho. Halafu akasema, "Haya. Hujawahi kunidanganya."

Ndahani akapekecha, akawasha mwenge, akapanda. Moshi ukaingia kwenye tundu la shina, nyuki wakaanza kulegea. Akatia mkono, akatoa sega la kwanza, zito, linachuruzika. Akacheka peke yake kwa furaha.

Nyuki mmoja akamchoma kwenye kope. Mkono ukaruka. Mwenge ukagonga tawi, na cheche moja, ndogo kama punje ya ulezi, ikaanguka chini.

"Maji!" Mlembe akapiga kelele. "Mwaga maji!"

Ndahani akazibua kibuyu, akamwaga. Ukatoka mchanga.

Mchanga ukazima pale ulipoangukia, upana wa sahani. Pembeni ya sahani hiyo nyasi zilikuwa zimeshashika. Mlembe akautazama mchanga, akamtazama Ndahani, na hakumtukana. Alisema tu, "Wewe tumia miguu yako. Mimi nina mabawa, nakwenda kwa watoto wako." Akaruka.

Sasa, wasikilizaji wangu, moto mnaujua wa jikoni. Huu haukuwa wa jikoni.

Kwanza ulikuwa na kimo cha mtoto anayetambaa. Ndahani aliruka chini, akaushambulia kwa tawi, akaupiga, akaupiga. Ukawa na kimo cha mtu. Akaacha tawi akarudi nyuma. Ukapita kimo cha miti. Akageuka, akakimbia.

Ulikuwa na sauti. Haukulia kama kuni zinavyolia. Ulinguruma kutoka ardhini, mpaka meno ya Ndahani yakagongana kinywani. Jua likawa jekundu, kisha likapotea, mchana ukawa wa rangi ya damu. Miti iliyokuwa mbali na moto iliwaka kabla moto haujaifikia, fuu! kama imeitwa kwa jina. Na katikati ikasimama nguzo ya moto inayozunguka, ndefu kuliko kilima, inatembea. Ndahani aliigeukia mara moja tu.

Mbele yake, kwenye kichuguu, alikuwepo Mhanga.

Mhanga mnamjua? Masikio marefu, pua ndefu, kucha kama majembe. Kutwa hulala, na akiamka kazi yake ni kuchimba. Wanyama walikuwa wanamcheka: "Mashimo yote haya, unazika nini?" Siku hiyo alikuwa ameamshwa na ngurumo, ametoa kichwa nje, anaita.

"Ingieni! Ingieni chini!"

Akaja Sungura, akaingia. Akaja Kanga na vifaranga wake, wakaingia. Wakaja Nguchiro na Nungunungu, wakaingia. Akaja Kifutu, nyoka yule mnene, akaingia taratibu akisema, "Samahani, samahanini." Akaja hata Mbweha, aliyekula vifaranga wa Kanga mwaka uliopita. Kanga akakunja mbawa, akamwachia nafasi.

Akaja Swala, mbio. Mhanga akamwita, "Ingia, ndugu yangu!"

"Mimi?" akasema Swala. "Mimi nina miguu!" Akapita kama upepo. Na upepo ndio uliokuwa nyuma yake, umebeba moto. Hakuonekana tena.

Mwisho akaja Ndahani, nywele zinanuka kuungua.

"Huyo asiingie!" akasema Nguchiro. "Nilimwona kule mgungani na mwenge mkononi."

"Asiingie!" akasema Mbweha.

"Ametuua," akasema Kanga. Huyu hakupaza sauti.

Ndahani hakujitetea. Alisimama mdomoni mwa shimo, mgongo unaiva, akasema, "Ni kweli. Ni mimi."

Mhanga akasogea pembeni. "Nilipochimba shimo hili sikujua nani atalala humu," akasema. "Inama, ingia. Yatakayosemwa yatasemwa tukiwa hai."

Akaingia. Mhanga akaingia nyuma yake, akageuka, akatupa udongo kwa kucha zake, akaziba mlango.

Wakalala gizani wote. Kifutu alikuwa karibu na sikio la Ndahani. Miiba ya Nungunungu ilikuwa kwenye ubavu wake. Kifaranga mmoja alipanda kifuani pa Mbweha, na Mbweha akazuia pumzi asimtishe.

Moto ukafika. Ardhi ikatetemeka.

Moto ukasimama juu yao. Udongo ukawa moto mpaka machozi yakakauka kwenye macho. Hakuna aliyesogea.

Moto ukapita. Kikaja kimya ambacho hakuna kati yao aliyewahi kukisikia.

Tuwaache humo shimoni. Twende kijijini.

Mlembe alifika kwa Mwaja mkia umeungua. Alimkuta uani anasaga mizizi. "Mama, moto unakuja, na upepo ndio unaouleta. Una muda wa chungu kimoja kuchemka."

Mwaja hakuuliza nani ameuwasha. Alipiga yowe, wanawake wakatoka na majembe, wanaume na mapanga. Mtu mmoja akasema, "Tukimbie!" Mwaja akamwambia, "Kwa watoto hawa waliolegea? Utambeba nani, utamwacha nani?"

Wakalima. Walilima kuzunguka nyumba zote, ukanda mtupu usio na hata jani. Jasho halikudondoka, lilikauka kwenye ngozi. Mara wakauona moto unapanda kilima, mbingu nzima nyekundu. Mama mmoja akaangusha jembe, akabaki amefungua mdomo.

"Usiutazame!" Mwaja akalia. "Tazama jembe lako!"

Ukanda ulipokamilika, Mwaja akachukua kijinga cha moto jikoni. Watu wakapiga kelele, "Mama, una wazimu?" Akavuka ukanda, akawasha nyasi za ng'ambo, akarudi mbio. Moto ule mdogo haukuwa na pa kurudi, nyuma yake kuna udongo mtupu. Na moto mkubwa ulikuwa unavuta hewa yote kwake, kama anayevuta uji. Ukauvuta na huo mdogo.

Wakakutana.

Wasikilizaji wangu, waliokuwepo walisema ndimi mbili zile zilipanda mpaka zikagusa mawingu ambayo hayakuwepo. Zikasimama hapo, kwa muda wa mtu kupumua mara tatu. Kisha hapakuwa na kitu cha kula, huku wala huku, na moto ukakaa chini. Watu nao wakakaa chini.

Mhanga alipozibua shimo, walitoka kwenye nchi nyeusi. Mgunga haukuwepo. Nyuki wote hawakuwepo. Wanyama wakaondoka mmoja mmoja, bila kuagana, wanapita juu ya majivu kwa ncha za miguu.

Ndahani akatembea kwenda nyumbani. Kila kisiki alichokiona, alidhani ni mtu. Alipopanda kilima akaziona nyumba zimesimama katikati ya weusi, na moshi wa jikoni. Akakaa chini akalia, kisha akainuka akateremka.

Mwaja alikuwa mlangoni, nyusi zimeungua, na watu wa kijiji wamekaa uani. "Baba watoto! Umepona! Watoto wazima wote." Kisha akasema, "Tumjue aliyeuwasha."

Mlembe alikuwa juu ya paa. Alijua yote, na hakuwa amesema neno. Ndahani alimtazama. Angeweza kusema radi. Angeweza kusema wageni.

Akasema, mbele ya watu wote, "Ni mimi. Nilimdanganya rafiki yangu. Kibuyu kilikuwa na mchanga."

Mwaja akaingia ndani. Alikaa humo mpaka jua likashuka, kisha akatoka na jembe, akamkabidhi mumewe. "Ulisema mwenyewe, kwa hiyo utabaki hapa," akasema. "Lakini ukanda huu ni wako. Kila kiangazi utaulima wewe, kabla hatujakuomba. Na moto hutaushika tena mpaka mvua inyeshe."

Watu wakaitikia. Wakagawana mizizi iliyobaki, na Mhanga, waliposikia alivyomficha Ndahani na wanyama shimoni, wakampelekea mchwa kwenye kapu.

Mvua zikaja mwishowe, na Ndahani aliulima ukanda huo kila kiangazi mpaka akazeeka. Na kila alipoingia msituni alipiga mluzi wa kumwita Mlembe. Mlembe alikuja, alikaa juu ya tawi, akamtazama. Lakini kumwongoza kwenye asali, hapana. Hakumwongoza tena.

Funzo lake ni hili. Nchi ikikauka na jua likizidi, msiseme moto huu ni mdogo. Njaa ya Ndahani ilikuwa ya kweli, na mtoto wake alikuwa wa kweli, lakini cheche haikumuuliza habari zake. Anayekukataza kuwasha siku ya upepo anakupenda. Usimjazie mchanga kwenye kibuyu. Na ukikosa, sema umekosa, watu wapate kujua pa kuanzia.

Hapo mdomo wangu umefika mwisho wa njia. Ikiwa tamu, gawaneni wenyewe. Ikiwa chungu, nirudishieni nikaipike upya.